IS50

IS50 ni kipande cha DNA ya bakteria chenye jozi za besi zipatazo 1,500, chenye uwezo wa kujihamisha. Nakala zake mbili, moja ikielekea kinyume cha nyingine, ndizo kingo za transposoni Tn5, kipande kikubwa zaidi kinachohama. Katikati yake zimo jeni za usugu wa dawa, ikiwemo ya kanamaisini.

Uhamaji hutegemea ncha. Kila ncha ya nje ya Tn5 ina mfuatano wa jozi 19 za besi. Kimeng'enya kiitwacho transposasi huutambua mfuatano huo, huzikutanisha ncha mbili, hukata DNA na kukichomeka kipande mahali pengine. Nyuzi mbili za DNA inayopokea hukatwa kwa kupishana, hivyo mapengo yakishazibwa, jozi 9 za besi huonekana mara mbili: moja kila upande wa mgeni.

Nakala hizo mbili za IS50 hazilingani. Ya kulia hutengeneza transposasi kamili pamoja na protini fupi inayoizuia. Ya kushoto ina badiliko la besi moja tu, linaloikatiza transposasi kabla haijakamilika. Badiliko hilohilo, ajabu ni hiyo, ndilo linalowezesha jeni ya kanamaisini kusomwa vizuri.

Transposasi ya asili ni mvivu, na ni heri iwe hivyo: ingeihamisha Tn5 ovyo, ingeharibu jeni za bakteria anayeibeba. Watafiti wameibadilisha ikawa kali zaidi, na maabara huitumia kukata DNA na kuibandika vitambulisho kabla ya kusoma mfuatano wake.