Risasi Haziliwi: Vita Vilivyopita Karungu na Deni Lililobaki

Wasee, kuna video ambazo simu yangu imeamua nazipenda. Jamaa wa Marekani, ndevu hadi kifuani, anakutembeza kwenye stoo yake chini ya nyumba: makopo ya maharagwe, maji, betri, na masanduku ya risasi yamepangwa hadi darini. Mwaka 2020 risasi ziliadimika kwenye maduka yao, watu wakapanga foleni, na tangu hapo somo ni lile lile. Siku mbaya zinakuja, jaza risasi.

Sasa nasikia na vijana wetu wa Migori na Homa Bay wakiongea lugha hiyo. Na kuna jina moja ambalo watu wa hizo mambo hulipenda sana: Paul von Lettow-Vorbeck, yule kamanda Mjerumani aliyepigana hapa Afrika Mashariki kuanzia 1914 hadi 1918, amezingirwa, bila meli za kumletea vitu, na hakushindwa. Anauzwa kama mfalme wa kujipanga. Mimi niliacha chuo, sijaacha kusoma, na hii story nimeisoma mpaka nikaudhika. Kwa sababu vita vyake vilipita hapa kwetu, na ukivitazama ukiwa umesimama Karungu, vinakaa tofauti kabisa.

Tuanze hapo Karungu. Leo ukienda utaona mitumbwi, omena imeanikwa, bodaboda zinasubiri abiria. Zamani palikuwa kituo cha serikali ya Waingereza kabla makao hayajahamishiwa Kisii, na wilaya yote hii, kuanzia milima ya Abagusii hadi ziwani, iliitwa Kavirondo Kusini. Chini kidogo tu, ukipita Muhuru, kuna Shirati, na Shirati ilikuwa ya Mjerumani. Wajaluo walikuwa pande zote mbili za mpaka, Wakuria vile vile. Mstari ulichorwa Ulaya na watu ambao hawakuwahi kula samaki wa hapa.

Septemba 1914 Wajerumani walivuka. Wakaingia Kisii, na Karungu ikaguswa pia kutoka majini. Waingereza wakatuma meli yao ya abiria na mizigo, Winifred, ikakuta Muansa, meli ndogo ya Wajerumani yenye mzinga. Winifred ikageuza. Ilirudi baadaye ikiwa na mwenzake Kavirondo, na sasa ikawa zamu ya Muansa kuondoka. Hivyo ndivyo vita vya dunia vilivyoonekana ukiwa pwani yetu: meli mbili tatu zinapimana nguvu, na wavuvi wanatazama.

Kule juu haikuwa mchezo. Waingereza walileta askari wa KAR, wale ambao wazee wetu huwaita Keya hadi leo, wakashuka Kendu Bay na kupanda kwa miguu hadi Kisii. Tarehe 12 Septemba walipigana siku nzima. Kapteni Thornycroft wa KAR aliuawa. Jioni kila upande ukarudi nyuma, na mji ukabaki bila mzungu hata mmoja. Watu wa Kisii wakaingia madukani na maofisini wakajichukulia. Waingereza waliporudi wakaja na adhabu: ng'ombe wakanyang'anywa, nyumba zikachomwa. Shika hiyo ya ng'ombe, tutairudia.

Sasa Lettow. Wakati vita vinaanza alikuwa na askari Waafrika kama 2,500 na Wajerumani mia mbili na kitu, na kampuni zake nyingi zilishika bunduki za mwaka 1871. Hizo zilitumia baruti nyeusi. Ukipiga mara moja, wingu la moshi linapanda na kila mtu anajua umejificha wapi. Manowari za Waingereza zilifunga pwani. Kwa hiyo risasi ulizonazo ndizo ulizonazo.

Novemba 1914 Waingereza walitua Tanga wakiwa kama 8,000, wakapigwa na kikosi cha kama watu elfu moja, wakakimbilia melini na kuacha mzigo ufukweni: bunduki, bunduki za rasharasha 16, na risasi kama 600,000. Hiyo ndiyo ilikuwa duka la kwanza la Lettow. Lakini Januari 1915, pale Jasin karibu na mpaka wa pwani, alishinda tena na akashtuka. Ushindi huo mmoja ulikula risasi 200,000. Alipiga hesabu mwenyewe akaona anaweza kupigana vita vya namna hiyo mara tatu tu zaidi, basi. Kuanzia hapo akabadilisha mtindo: vikosi vidogo, kulipua reli ya Uganda usiku, kupiga na kutoweka.

Na hapa lazima niseme ukweli, ubunifu wao ulikuwa noma. Aprili 1915 meli Rubens ilifika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa imejifanya meli ya Denmark. Manowari Hyacinth ikaifuata na kuipiga hadi ikawaka moto kwenye maji ya kina kifupi. Waingereza wakaondoka wakidhani kazi imeisha. Wajerumani wakatuma wapiga mbizi, wakatoa risasi zilizolowa maji ya chumvi, zikafunguliwa moja moja, baruti ikakaushwa, zikaunganishwa upya. Nyingine ziligoma kulipuka, lakini nyingi zilifanya kazi. Manowari yao Königsberg ilipozamishwa huko Rufiji Julai 1915, walivua mizinga yake yote 10 na kuiwekea magurudumu. Ukienda Fort Jesus Mombasa utauona mmoja. Kule Amani, milima ya Usambara, taasisi ya utafiti wa mimea ikageuka kiwanda: dawa ya malaria kutoka magome ya mkwinini, sabuni, pombe. Dawa yenyewe ilikuwa chungu mpaka askari wakaipa jina la kamanda. Na Tabora, ndani ya karakana ya reli, walitengeneza sarafu za heller 20 kwa shaba ya maganda ya risasi yaliyotumika. Yaani umepiga risasi, umeokota ganda, umelipia nalo kuku.

Wazimu zaidi ni ndege-puto L59. Novemba 1917 iliondoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa na tani kama 15 za dawa na risasi, na mpango ulikuwa isirudi. Ngozi yake ingekuwa mahema, kitambaa cha ndani bandeji, injini zingetoa umeme. Ilifika Sudan, ikaitwa irudi kwa redio, ikageuza. Saa 95 hewani bure.

Siku zile zile Lettow alikuwa anavuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Tarehe 25 Novemba 1917, pale Ngomano, aliwavamia Wareno na kutoka na risasi kama robo milioni pamoja na bunduki zao. Askari wake wakatupa zile kuukuu. Mwaka mzima uliofuata alizunguka hivyo, anakula na kupiga kwa mali ya adui, hadi akaweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Vita Ulaya vilikuwa vimeisha wiki mbili kabla.

Video huishia hapo. Muziki, bendera, mwisho.

Sasa tufanye hesabu ambayo video haifanyi. Risasi haitembei. Farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o, magari yalikwama matopeni, kwa hiyo risasi ilipanda kichwani mwa mtu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 25. Sema mtu huyo anakula kilo moja ya unga kwa siku. Ukimpa mzigo wa unga mtupu na kumtuma safari ya siku 12 kwenda na 12 kurudi, akifika nyumbani ameumaliza mwenyewe na hakuna alichopeleka. Kwa hiyo ili sanduku moja la risasi lifike mbele, lazima watu wengine wabebe unga wa mbebaji, na wengine wabebe unga wa hao. Ukihesabu hivyo unaona kitu: akiba ya risasi ni akiba ya unga. Na unga ule, buda, haukutoka Berlin wala London.

Lettow alichukua maghala ya watu popote alipopita, na alichukua watu pia. Wapagazi wake hawakuwa wote wa hiari. Daktari Ludwig Deppe, aliyetembea na jeshi hilo, alikiri kwenye kitabu chake kwamba walikopita waliacha njaa. Waingereza hawakuwa afadhali. Ugogoni, huko Dodoma, Wajerumani walichukua nafaka na ng'ombe, halafu Waingereza wakafika wakachukua kilichobaki, mvua ikakosa. Wagogo waliita njaa hiyo Mtunya, na makadirio ni kwamba iliua watu kama 30,000. Hao ndio walikuwa stoo ya chini ya nyumba.

Upande wetu ilikuwa Kariokor. Jina la lile soko la Nairobi, na Kariakoo ya Dar, limetoka hapo, kwa jeshi la wabeba mizigo. Nyanza ilitoa watu wengi kuliko wanavyosema vitabu vya shule. Mwanzoni machifu waliambiwa walete vijana. Mwaka 1917 Waingereza wakakosa watu, wakamteua John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa huu wetu wa Nyanza, asimamie msako wa nchi nzima. Alijua wanaume wako wapi kwa sababu ndiye aliyewatoza kodi ya nyumba. Vijana wa Karungu, Kendu, Kanyamkago, waliozoea wimbi, mtama na samaki, wakapewa unga wa mahindi ambao mara nyingi hawakuwa na muda wala sufuria ya kuuivisha. Wakahara damu. Ukisoma rekodi, wengi hawakuuawa na risasi kabisa. Waliuawa na tumbo, kichomi na malaria. Hesabu rasmi ya wabeba mizigo wa nchi hii pekee waliokufa inapita 40,000, na hiyo ni wale walioandikwa. Waliobaki wakarudi 1918 na mafua makali yakawafuata hadi nyumbani.

Na mashamba nyumbani yalikuwa yamelimwa na nani? Akina mama, peke yao, bila wale ng'ombe nilisema ushike.

Dana yangu alikuwa na dero, ghala la fito lenye kofia ya nyasi, ndilo nililicheza chini yake nikiwa mdogo. Alikuwa na sheria: mtama wa mbegu haukuguswa hata kama watoto wanalia. Lakini pia hakuna jirani aliyerudishwa kapu tupu, kwa sababu mwaka kesho mvua inaweza kupita shamba lako. Hiyo ni namna ya kujipanga ambayo huwezi kuipiga picha ikapendeza. Ukiitaka ya zamani zaidi, nenda Thimlich Ohinga, hapa hapa Migori. Kuta za mawe zilizopangwa bila hata tope kuanzia kama karne ya 16, nyingine zinafika mita 4.5, milango mifupi inayokulazimisha kuinama, mazizi ya ng'ombe ndani. UNESCO wameiweka kwenye orodha yao 2018. Wale watu waliogopa wavamizi kweli kweli. Lakini wajukuu hawachimbui hapo shimo la mtu mmoja aliyejificha na mali yake. Ni ukuta wa watu wengi pamoja, na mifugo yao.

Sisemi Lettow hakuwa mjanja. Nasema mtu anayekuambia ujaze silaha ujiandae kwa siku mbaya, muulize chakula chake kitatoka ghala la nani risasi zikibaki na unga uishe. Mwaka 2022 pakiti ya unga ilipita shilingi 200 na hakuna mtu hapa Migori aliyehitaji bunduki. Tulihitaji gorogoro ya mahindi kwa mkopo. Jirani aliyekupa bila kuuliza maswali ndiye unayemkumbuka.

Halafu kuna mambo ya malipo. Mishahara ya wabeba mizigo wengi waliokufa haikufika kwa familia. Oscar Watkins, mzungu aliyeongoza kikosi chao, aliisumbua serikali kwa miaka pesa hiyo itolewe, na sehemu kubwa haikutoka. Nairobi waliwekewa sanamu, iko pale Kenyatta Avenue, wabeba mizigo na askari wamesimama, hamna jina hata moja.

Mwaka 1964, alipokufa Lettow, bunge la Ujerumani Magharibi lilipitisha kuwalipa askari wake wa zamani malimbikizo yao. Ofisi ikafunguliwa Mwanza, ng'ambo ya ziwa hili hili. Wazee kama 350 wakafika, wachache tu wakiwa na cheti. Inasimuliwa kwamba yule mtu wa benki alimpa kila mzee fimbo ya ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani ashike kama bunduki, na wote walikumbuka.

Hiyo ilikuwa ya walioshika bunduki. Wabeba mizigo hawakuitwa, wala wa upande wa Mwanza wala wa Karungu.