Onyo na Kosa: Historia ya Istilahi Mbili katika Utungaji wa Programu

Katika Kiswahili, mtu aliyeonywa si mtu aliyehukumiwa. Onyo humwachia mtu hiari yake. Kosa likishathibitika, hiari hiyo huwa imekwisha. Tofauti hii, ambayo kila mwalimu na kila karani wa mahakama aijua, imezua ubishi wa miaka mingi miongoni mwa watungaji wa programu za kompyuta. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya ubishi huo, na kuonyesha kwa nini wafasiri wetu hawana budi kuzitenga istilahi hizo mbili.

Mfasiri asiye mtu

Kompyuta hutenda amri za tarakimu tu. Kwa hiyo mtungaji huandika programu yake kwa lugha kama C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha programu nyingine iitwayo kompaila huyageuza maandishi hayo kuwa amri za mashine. Kompaila basi ni mfasiri, na kama mfasiri yeyote hukutana na matatizo ya aina mbili. Ipo sentensi isiyofasirika kabisa kwa kuwa imevunja sarufi. Hapo kazi husimama, na taarifa itolewayo huitwa kosa. Ipo pia sentensi ifasirikayo, ila inatia shaka: pengine mtungaji ametaja kitu ambacho hakukitumia, au amelinganisha namba za aina mbili zisizopatana. Hapo kompaila huendelea na kazi, lakini humwarifu mwenye maandishi aangalie tena. Hilo ndilo onyo.

Hapo awali kazi ya kuonya ilitengwa na kazi ya kufasiri. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Stephen C. Johnson, wa maabara hizohizo za Bell, alitunga programu ya ukaguzi aliyoiita lint, yaani nyuzinyuzi na vumbi vinasavyo katika nguo. Kompaila ilifasiri upesi; lint ilikagua kwa utulivu. Aliyetaka kukaguliwa alikwenda mwenyewe, na asiyetaka hakulazimishwa. Baadaye ukaguzi huo uliingizwa katika kompaila zenyewe, na miongoni mwa hizo ni GCC, ambayo Richard Stallman wa mradi wa GNU aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1987.

Onyo lapandishwa cheo

Programu huria ni ile ambayo maandishi yake yameachwa wazi, kila mtu ayasome, ayarekebishe na kuyagawa. Mara nyingi hutungwa na watu wengi wasiojuana hata kwa sura. Katika kazi ya namna hiyo, onyo moja likiachwa, la pili huachwa kwa wepesi zaidi. Yakifika mia tatu hapana tena ayasomaye, na lile la mia tatu na moja, ambalo pengine ndilo lenye hatari, hupita bila kuonekana. Wahenga walikwisha kusema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Dawa iliyobuniwa ni kali. GCC ina chaguo liitwalo -Werror, ambalo kwalo kila onyo huhesabiwa kuwa kosa, na kazi ya kufasiri hukoma hapohapo. Faida yake ni dhahiri. Mchango wenye shaka hauwezi kupita, na aliyeuandika ndiye aurekebishaye, wakati bado anakumbuka alichokusudia.

Hata hivyo sheria hiyo ina gharama mbili. Kwanza, onyo ni rai ya toleo fulani la kompaila, na GCC hutoa toleo kubwa jipya takriban kila mwaka, nalo huja na macho mapya. Kwa mfano, toleo la 6, lililotoka mwaka 2016, lilianza kuonya katika fungu la maonyo ya kawaida pale ambapo mpangilio wa mistari humdanganya msomaji kuhusu mantiki ya programu. Maandishi yaliyokuwa safi jana huonekana machafu leo, ingawa hapana aliyeyagusa. Anayeumia si mtungaji, bali ni mtu wa mbali aliyepakua maandishi ili aitumie programu, akanyimwa kwa shaka isiyomhusu.

Pili, mtu akibanwa sana huweza kulinyamazisha onyo badala ya kuondoa sababu yake. Mfano mashuhuri haukutokana na kompaila, bali na chombo cha kukagua matumizi ya kumbukumbu ya kompyuta, lakini funzo ni lilelile. Mwaka 2006, katika mfumo wa Debian, mistari ya programu ya OpenSSL iliyokuwa ikisababisha maonyo iliondolewa. Maonyo yakanyamaza, lakini pamoja nayo ikatoweka karibu bahati nasibu yote iliyohitajika katika kuunda funguo za siri. Kilichobaki kilikuwa namba ya utambulisho wa programu iliyokuwa ikiendeshwa, ambayo kwa kawaida haikuzidi 32,768. Dosari hiyo ilitangazwa mwezi Mei 2008, na funguo zilizoundwa katika muda huo zikalazimika kubadilishwa.

Kiini cha Linux, 2021

Mvutano huu ulidhihirika mwezi Septemba 2021 katika kiini cha Linux, kazi iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Torvalds aliamuru kwamba tangu toleo la 5.15 kila onyo lihesabiwe kuwa kosa kwa kila ajengaye kiini hicho. Hoja yake ilikuwa kwamba kiini chapaswa kujengeka bila onyo hata moja. Lakini kiini hicho hujengwa kwa ajili ya mashine za aina nyingi, kwa kompaila za matoleo mbalimbali, na mahali pengi kazi ilikwama. Siku chache baadaye amri ililegezwa: ukali ukabaki kuwa kawaida katika ujenzi wa majaribio, na wengine wakaachiwa hiari. Kwa maneno mengine, fundi alifungwa na sheria ndani ya karakana yake, lakini mteja hakufungiwa mlango.

Robo karne ya maonyo

Upo mfano mwingine unaoonyesha njia ya subira. Katika C ya zamani, mtungaji aliruhusiwa kuita kazi ambayo hakuitangaza, na kompaila ilidhani tu kwamba jibu lake ni namba kamili. Katika mashine za biti 64 dhana hiyo yaweza kuikata anwani ya kumbukumbu nusu yake. Kanuni za lugha za mwaka 1999 ziliondoa ruhusa hiyo, lakini GCC iliendelea kuonya tu, kwa kuwa programu za zamani zilikuwa nyingi mno. Ni katika toleo la 14, mwezi Mei 2024, ndipo onyo hilo lilipokuwa kosa kwa kawaida. Kabla ya hapo wafanyakazi wa mifumo ya Fedora na Gentoo walikuwa wamepitia programu nyingi na kuzirekebisha moja moja. Hapo onyo lilitimiza kazi yake halisi: liliwapa watu muda, na muda huo ukatumika.

Hitimisho kwa wafasiri

Historia hii yatufundisha kwamba kati ya onyo na kosa kuna uamuzi wa watu kuhusu nani abebe mzigo, na wakati gani. Mfasiri akiyaita yote mawili "hitilafu", msomaji wa Kiswahili hawezi kujua kama kazi yake imesimama au inaendelea, wala hawezi kuufahamu uamuzi huo, sembuse kuujadili. Jambo hili si la nadharia tu. Tangu mwaka 2004, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu huria zimekuwa zikizungumza Kiswahili.

Twapendekeza basi kwamba "onyo" litumike kwa taarifa isiyozuia kazi, "kosa" kwa ile inayoizuia, na "hitilafu" liachiwe ubovu unaojitokeza programu ikiwa kazini. Neno "tahadhari" halifai kuchukua nafasi ya "onyo", kwa sababu onyo hutolewa na msemaji, ilhali tahadhari huchukuliwa na msikiaji. Nayo desturi tuliyoieleza yatosha kuitwa "kuhesabu onyo kuwa kosa". Maneno hayo ni marefu kidogo, lakini yanaonyesha wazi kwamba yupo mtu aliyehesabu.