Vitufe vilivyong'aa kama pipi

Wiki iliyopita tuliitwa kwenye kikao pale kazini. Alikuja jamaa mmoja, shati limenyooka, kompyuta yake ya mapajani imebandikwa stika kila mahali, kutuonyesha sura mpya ya tovuti ya gazeti letu. Akawasha projekta. Ukurasa wa mbele ukatokea na picha moja kubwa iliyojaza ukuta mzima, video inayocheza yenyewe kwa nyuma, na pembeni kijinyota kinachometameta chenye maneno "inaendeshwa na akili mnemba". Watu wakapiga makofi. Mimi nikanyoosha mkono na kuuliza swali moja tu: huo ukurasa una uzito gani? Jamaa akanitazama kama vile nimemuuliza bei ya nyanya.

Jamani, sikuuliza kwa ubishi. Siku chache kabla ya kikao nilikuwa nimeandika habari ya mnada wa korosho. Mjomba wangu yuko Tandahimba na ana mikorosho yake, kwa hiyo nikamtumia kiungo aisome. Baada ya nusu saa akanipigia: "Mjomba, habari yako haifunguki. Inazunguka tu mpaka bando limekata. Hebu nisomee hiyo bei." Nikamsomea kwa simu, sentensi kwa sentensi, kama mtangazaji wa redio. Habari ile ilikuwa na maneno kama mia tano hivi. Ukiyahifadhi kama maandishi matupu hayafiki hata KB 5. Na hiyo ni tovuti yetu ya sasa, kabla ya video na kijinyota!

Nilipofika nyumbani nikakaa kuchimba historia. Nilitaka kujua haya mambo ya kuvisha tovuti mapambo na kuyapa mapambo majina makubwa yalianza wapi. Nilichokikuta kimenichekesha, halafu kimenikera.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1991 Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN kule mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, aliutangazia umma mradi wake wa World Wide Web. Ukurasa wa kwanza ulikuwa maandishi na viungo, basi. Hakuna picha wala rangi za kujivunia. Mwaka 1993 vijana wa Chuo Kikuu cha Illinois wakatoa kivinjari cha Mosaic, kilichoweza kuonyesha picha na maandishi katika ukurasa mmoja. Hapo ndipo mlango wa mbwembwe ulipofunguliwa.

Mwaka uliofuata ikaja Netscape, na pamoja nayo maandishi yanayowaka na kuzimika, maarufu kama blink. Lou Montulli, mmoja wa wahandisi wa mwanzo wa Netscape, amesimulia kwamba wazo lenyewe lilianza kama utani wa baa. Mwenzao mmoja akarudi ofisini usiku ule ule, na asubuhi wakakuta maandishi yanawaka na kuzimika kama taa ya bodaboda. Microsoft nao hawakukubali kushindwa, wakaja na yao yaitwayo marquee, maneno yanayotembea kutoka upande mmoja wa skrini hadi mwingine. Utani ule ulidumu miaka mingi. Firefox iliiondoa blink mwaka 2013 tu!

Katikati ya miaka ya tisini kulikuwa na GeoCities, ambako mtu yeyote aliweza kupewa kiwanja chake cha bure na kujenga ukurasa. Watu wakajenga kweli: mandhari yenye nyota, muziki unaoanza wenyewe, na vibao vya "ujenzi unaendelea" kwenye kurasa ambazo ujenzi wake haukuisha mpaka Yahoo walipoifunga GeoCities ya Marekani mwaka 2009. Yahoo hao hao walikuwa wameinunua mwaka 1999 kwa zaidi ya dola bilioni 3. Leo tunazicheka kurasa zile, lakini mimi naziheshimu. Aliyeweka taa zinazowaka alizilipia mwenyewe kwa muda wake, na hakumwambia mtu kwamba ni mapinduzi.

Shida ilianza mapambo yalipoingia kwenye biashara. Mwishoni mwa 1996 kampuni ya Macromedia ilinunua programu ya uhuishaji ambayo baadaye dunia iliijua kwa jina la Flash. Ghafla kila kampuni ikataka sinema ya utangulizi. Unafungua tovuti kutafuta namba ya simu, unaonyeshwa kwanza nembo inayoruka sarakasi, na kona ya chini kuna kitufe cha kuruka utangulizi. Hebu fikiria: umejenga mlango wa nyumba, halafu unaweka kibao cha kumwelekeza mgeni jinsi ya kuukwepa!

Mfano mkubwa wa ugonjwa huo ni boo.com, duka la nguo la mtandaoni lililofunguliwa London mwezi Novemba 1999. Lilikuwa na nguo unazoweza kuzizungusha kwenye skrini, na muuzaji wa kuchora aliyeitwa Miss Boo. Wakati huo wateja wengi walikuwa wakiunganishwa na intaneti kwa laini ya simu ya kawaida. Kurasa zikachelewa kufunguka, watu wakaondoka. Mei 2000 duka likafungwa, likiwa limeteketeza dola za Marekani kama milioni 135. Si mbwembwe peke yake zilizoliua, maana matumizi yalikuwa ya kifahari kila upande, lakini duka ambalo mteja hawezi kuingia ni duka gani?

Boo haikuwa peke yake. Soko la hisa la Nasdaq lilifika kileleni Machi 2000, likaporomoka, na kufikia Oktoba 2002 lilikuwa limepoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake. Neno "dotcom" lililokuwa likifungua pochi za wawekezaji likawa kama tusi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha hadithi yangu. Mwaka 2004 kampuni ya O'Reilly Media ilikuwa ikipanga mkutano wa watu wa mtandao. Katika mazungumzo ya maandalizi, Dale Dougherty akatumia neno "Web 2.0". Hakuwa wa kwanza. Mwandishi na mbunifu Darcy DiNucci alikuwa amelitumia mwaka 1999 kuelezea mtandao utakaohamia kwenye simu, runinga na magari. Lakini mwaka 2004 neno lilikuta ardhi yenye rutuba. Watu walikuwa wanahitaji kusikia kwamba mtandao haujafa. Ile namba 2.0 ilifanya kazi yote: ya kwanza imekwisha, njooni tena na pesa zenu.

Oktoba 2004 mkutano ukafanyika San Francisco. Septemba 2005 Tim O'Reilly akaandika makala ndefu kueleza maana ya neno hilo. Mambo aliyosema yalikuwa ya msingi: kwamba mtandao ni jukwaa, na kwamba huduma inakuwa bora kadiri watu wengi wanavyoitumia na kuichangia. Lakini nani ana muda wa kusoma makala ndefu? Wateja walitaka kuiona hiyo Web 2.0 kwa macho. Wabunifu wakawapa cha kuona.

Mnakumbuka? Wale wadogo kama mimi mliikuta inakaribia kuondoka. Vitufe vinavyong'aa kama pipi iliyolambwa. Nembo yenye kivuli chake chini, kama imesimama juu ya kioo kilicholowa. Pembe za mviringo kila mahali. Kijinyota chenye ncha nyingi kilichoandikwa "bure" au "mpya". Wingu la maneno, mengine makubwa mengine madogo. Majina ya kampuni yaliyonyofolewa herufi, kwa kuiga Flickr. Na pembeni ya nembo, neno "beta", yaani bado tunajaribu. Gmail ilivaa neno hilo tangu Aprili 2004 hadi Julai 2009. Miaka mitano ya kujaribu!

Ule mng'ao nao ulikuwa na asili yake. Januari 2000 Apple walionyesha sura mpya ya kompyuta zao waliyoiita Aqua, na Steve Jobs akatamba kwamba lengo mojawapo lilikuwa mtu akiviona vitufe atamani kuvilamba. Kwenye kompyuta ya Apple vitufe hivyo vilikuwa ndani ya mashine yenyewe. Kwenye tovuti ilikuwa kesi nyingine. Enzi hizo vivinjari havikuwa na njia rahisi ya kuviringisha pembe. Mbunifu alilazimika kuchora pembe nne kama picha nne ndogo na kuzipachika kila upande wa kisanduku, na ule mng'ao nao ulikuwa picha. Kila picha iliagizwa peke yake kutoka kwenye seva.

Sasa weka hilo kwenye ramani yetu. Kebo ya SEACOM ya chini ya bahari ilianza kazi Julai 2009. Kabla ya hapo Tanzania na Kenya zilitegemea zaidi setilaiti kuwasiliana na dunia, kwa bei ya juu na kasi ya kinyonga. Kaka yangu mkubwa alikuwa mteja wa intaneti kafe wakati huo. Anasema ulilipia nusu saa, ukafungua ukurasa mmoja, ukaenda kununua karanga, ukarudi ukakuta nembo imefika kifuani. Zile pembe za mviringo zilikuwa na bei, na sehemu ya bei hiyo ililipwa na watu ambao hawakuwahi kuziomba.

Wapo waliolishtukia neno mapema. Mwaka 2006 Berners-Lee mwenyewe, katika mahojiano, alisema hilo ni neno la mtindo tu ambalo hakuna anayejua maana yake, kwa sababu kuunganisha watu ndiyo ilikuwa nia ya mtandao tangu siku ya kwanza. Mwaka huo huo likatokea la kuchekesha zaidi. Shirika lisilo la faida la Cork, Ireland, liliandaa mkutano wenye neno Web 2.0 kwenye jina lake, likapokea barua ya wanasheria: acheni, jina hilo la mikutano ni letu. Barua ilitoka kwa CMP, waliokuwa wakiandaa mkutano ule pamoja na O'Reilly. Yaani neno lililosifu kushirikiana na kuchangia likawekewa uzio! Kelele zilipozidi wakalegeza. Juni 2009 kampuni moja ya Marekani inayofuatilia lugha ikatangaza kwamba "Web 2.0" ndilo neno la milioni moja la Kiingereza. Wanaisimu wakacheka. Neno liliingia kwenye habari kwa kishindo, wakati ambapo wabunifu walishaanza kulichoka.

Je, lilikuwa debe tupu? Hapana, na hapa naomba niwe mkweli. Januari 2008, Kenya ikiwa kwenye machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh na wenzake walijenga Ushahidi. Mwananchi alituma taarifa ya alichokiona kwa ujumbe wa simu au barua pepe, nayo ikawekwa kwenye ramani ili wengine waone wapi kuna hatari. Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye makala ya O'Reilly: watu wa kawaida wanachangia, na mchango wao unakuwa na thamani kwa wote. Leo Ushahidi imetumika katika nchi nyingi duniani. Nani anakumbuka kama vitufe vyake vilikuwa na pembe za mviringo? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Baada ya pale gurudumu liliendelea kuzunguka. Mwaka 2010 Ethan Marcotte alipendekeza ukurasa unaojipanga upya kufuata ukubwa wa skrini, na jina lake likavuma, lakini hilo lilikuwa na kazi kweli, maana ndilo linalotuwezesha kusoma kwenye simu bila kukuza maandishi kwa vidole. Mwaka 2013 Apple walifuta mng'ao kwenye simu zao, kila kitu kikawa bapa, na dunia ikabaparika nyuma yao. Flash ilizikwa rasmi Desemba 2020. Mwaka 2021 kila mtu akaimba Web3. Halafu Juni 2025 Apple hao hao wakatangaza sura mpya inayoitwa Liquid Glass. Mng'ao umerudi! Na kile kijinyota cha 2006 kimerudi pia, kimepunguziwa ncha tu na kupewa kazi ya kutangaza akili mnemba.

Sina ugomvi na urembo. Ninachojiuliza ni nani analipa. Kurasa nyingi za leo zinazidi MB 2, zaidi ya mara mia nne ya habari yangu ya korosho. Ile tofauti si yangu wala ya yule jamaa wa projekta. Inatoka kwenye bando la mjomba. Na mkulima asiyejua bei ya mnada anauza kwa bei atakayotajiwa na mtu mwingine.

Kikao kinaendelea Jumatano. Nimeambiwa kwamba siku hizi watu wana 4G na niache kuturudisha nyuma. Sawa. Nimeomba jambo moja, na mhariri amekubali: kabla ya kupitisha, ukurasa ule ufunguliwe kwanza kwenye simu ya mjomba, akiwa huko huko shambani kwake. Nimeshamnunulia bando la kutosha jaribio moja.

Nitawaambia imekuwaje. Siku njema, wadau.