Testi Yako Inangoja Nini?

Wasee, kuna tabia naiona sana kwa vijana wanaounda apu za malipo. Testi inatuma ombi la M-Pesa, inalala sekunde 5, halafu inachungulia kama jibu limefika. Ikifeli, wanaongeza ziwe 10. Hiyo si kupima, hiyo ni kubahatisha.

Na dawa yake ni ya kitambo. Mwaka 1997 Kent Beck na Erich Gamma waliandika JUnit wakiwa ndani ya ndege, na kupima programu kipande kwa kipande kukashika moto. Sasa shida: kipande kinachotegemea seva ya mtu mwingine utakipima vipi peke yake? Mwaka 2000 Tim Mackinnon, Steve Freeman na Philip Craig wakatoa andiko lililoeleza moki, yaani kitu bandia kinachokaa mahali pa kile halisi na kukagua kama kimeitwa ilivyotarajiwa. (Baadaye Gerard Meszaros alivipa vitu bandia vya aina hii jina moja, akiazima kwa wale watu wa sinema wanaoruka magorofa badala ya staa. Hilo jina nalipenda.)

Kwa kolibaki ndipo moki inanoga. Kolibaki ni kumwachia fundi namba yako: ukimaliza, nipigie. Daraja ya Safaricom hufanya hivyo. Ombi lako la STK linakubaliwa kwanza, matokeo yanakuja baadaye kwenye anwani uliyotoa. Moki haingoji mtu. Inaipokea kolibaki, inaiweka mfukoni, na testi ndiyo inaamua itaiita lini na kwa jibu gani. Nataka kodi 0, kalipa? Sawa. Nataka 1032, mteja kaghairi? Sekunde haiishi. Jibu lisipokuja kabisa je? Hiyo pia napima, bila kusubiri siku mbaya.

Lakini wengi wanaiharibu hapa: moki yao inaita kolibaki papo hapo, kabla hata ombi halijarudi. Testi zote kijani. Kumbe programu inasoma matokeo mara tu baada ya kutuma, na kwa mteja halisi bado hayajafika. Pesa imetoka kwa simu yake, oda inasema hajalipa. Nani atamrudishia imani?

Acha ombi lirudi kwanza, angalia oda bado inangoja, kisha iite kolibaki. Mimi huiita mara mbili. Ya pili isiongeze hata shilingi.