Rufiji ilipohesabu vifo vyake

Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti kuhusu afya ikidai kwamba nchi maskini zinaweza kuokoa maisha mengi kwa takriban dola 12 kwa mtu kwa mwaka, mradi fedha hizo zielekezwe kwenye magonjwa yanayoua zaidi. Lilikuwa dai zito, nalo halikuwa limejaribiwa. Wizara ya Afya ya Tanzania pamoja na IDRC, taasisi ya Canada inayogharamia utafiti wa maendeleo, zikaamua kulipima katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini, zenye watu wapatao 700,000. Mradi ukaitwa TEHIP.

Wakati huo Daraja la Mkapa, linalovuka Mto Rufiji, lilikuwa halijajengwa. Mto ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakikolea, kufika hospitali ya wilaya Utete ilikuwa safari ya mashaka. Watu wengi walifia nyumbani, na kifo cha nyumbani hakikuingia kwenye daftari la hospitali. Mganga mkuu wa wilaya alipokaa na wenzake kupanga bajeti, walikuwa na makisio ya mwaka uliopita na matakwa ya wafadhili, basi.

Ndiyo maana kazi ilianzia majumbani. Kuanzia mwishoni mwa 1998 kaya za sehemu ya Rufiji yenye watu kama 85,000 ziliandikishwa, na wadadisi wakawa wanarudi kila baada ya miezi minne kuuliza nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Palipotokea msiba, waliacha matanga yapite kisha wakaketi na wafiwa: homa ilianza lini, mtoto alikuwa anahema vipi, alipelekwa wapi kwanza. Ninaiheshimu sana kazi hiyo. Kumwomba mama asimulie siku za mwisho za mwanawe kunahitaji utu kuliko takwimu.

Morogoro, ambako hesabu ya vifo ilitangulia, picha iliyojitokeza ilishtua. Malaria ilibeba asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini ilitengewa asilimia 5 tu ya bajeti. Kifua kikuu kilichukua asilimia 22 ya fedha, ilhali mzigo wake haukufika asilimia 4. Timu za wilaya zilichorewa grafu rahisi zinazoonyesha ugonjwa upi unaua na shilingi inakwenda wapi, zikaanza kuhamisha mafungu: vyandarua vyenye dawa, mafunzo ya kumtibu mtoto mgonjwa kwa kumwangalia mzima badala ya dalili moja, redio za mawasiliano kati ya vituo vya afya na zahanati. Wanavijiji nao walijitolea kukarabati zahanati zao.

Mradi ulikuwa tayari kuongeza hadi dola 2 kwa kila mtu. Wilaya ziliweza kutumia kama senti 80 tu. Hata hivyo, katika miaka mitano vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Vifo hivyo vilikuwa vikishuka nchini kote kipindi hicho, kwa hiyo si haki kuupa mradi sifa zote. Lakini katika wilaya hizi mbili vilishuka kwa kasi zaidi.

Kwangu mimi, jambo kubwa kuliko yote lilitoka kwenye simulizi za wafiwa wa Rufiji, likachapishwa mwaka 2004. Ilizoeleka kusemwa kwamba watoto wa vijijini wanakufa kwa malaria kwa sababu wazazi hukimbilia kwa waganga wa kienyeji, hasa degedege linapoingia. Simulizi zilikana hilo. Wengi mno kati ya waliokufa walikuwa wametafutiwa kwanza tiba ya kisasa, hata wale wa degedege. Familia zililaumiwa miaka yote hiyo kwa ujinga, kumbe zilikuwa zimefanya kile zilichofundishwa na wataalamu wenyewe. Kilichobaki kuulizwa ni wagonjwa walichelewa kwa kukosa nini, na walipofika walipewa dawa gani. Klorokwini, iliyokuwa tiba ya kwanza ya malaria nchini, ilikuwa imeshindwa kiasi kwamba serikali iliiondoa mwaka 2001.