Filamu Iliyokwama kwa Sababu ya Nyimbo Zake

Tuanze na hesabu. Filamu ya Killer of Sheep ya Charles Burnett ilitengenezwa Los Angeles miaka ya sabini kwa gharama isiyofika dola 10,000. Nyimbo zilizomo ndani yake, zilipokuja kulipiwa miaka mingi baadaye ili filamu iruhusiwe kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema, ziligharimu dola 150,000. Yaani muziki peke yake ulikula zaidi ya mara kumi na tano ya pesa iliyotengeneza filamu nzima. Mtu akisikia hivyo kwanza anacheka, halafu anauliza: sasa si angeweka tu nyimbo nyingine?

Nimeulizwa swali hilo kila ninapoitaja filamu hii mbele ya watu, na huwa najibu vibaya, kwa haraka, kama mshabiki. Hapa nijaribu kulijibu kwa utulivu.

Burnett alizaliwa Vicksburg, Mississippi, mwaka 1944, akakulia Watts, eneo la watu weusi kusini mwa Los Angeles. Alisoma filamu Chuo Kikuu cha California cha mji huo, UCLA, wakati ambapo chuo kilikuwa kimeanza kupokea vijana weusi na wageni wa kutosha kuunda genge lao. Mmoja wao alikuwa Haile Gerima, Muethiopia kutoka Gondar. Walikuwemo Larry Clark, Billy Woodberry, na baadaye Julie Dash. Walishikiana kamera, huyu akifanya kazi kwenye filamu ya yule, na wote hawakutaka kuiga Hollywood. Wanahistoria walikuja kuwaita L.A. Rebellion, uasi wa Los Angeles, jina kubwa kwa watu waliokuwa wakigombania zamu ya kutumia vifaa vya chuo.

Burnett aliandika, akaongoza, akapiga picha na kuhariri mwenyewe. Alipiga picha siku za wikiendi, kwa filamu ya milimita 16, nyeusi na nyeupe, na waigizaji wengi walikuwa watu wa mtaani kwao. Mwaka 1977 akaiwasilisha kama kazi ya kumalizia shahada ya uzamili. Mhusika wake, Stan, anafanya kazi machinjioni na usingizi umemkimbia. Hakuna kisa kikubwa. Watoto wanarushiana mawe kwenye vifusi, wanaruka kutoka paa hadi paa. Stan na rafiki yake wananunua injini ya gari, wanahangaika nayo kwenye ngazi hadi vidole karibu vikatike, wanaiweka nyuma ya pikapu, gari linaondoka, injini inaanguka na kuharibika. Basi, mchezo umeishia hapo. Mtu wa Manzese au Kibera atamjua Stan bila kutambulishwa.

Sasa muziki. Paul Robeson anaimba kuhusu nyumba anayoishi, yaani Marekani yenyewe, na chini ya sauti hiyo nzito tunaona watoto wakicheza vumbini mahali ambapo hakuna hata bembea. Binti mdogo wa Stan amekaa na mdoli wake, anafuatisha wimbo wa mapenzi wa Earth, Wind & Fire kwa maneno ambayo nusu yake hayajui. Yumo Louis Armstrong, yumo Elmore James, Little Walter, William Grant Still. Ni kama mtu amefungua kabati la santuri za wazazi wake na kukuonyesha ukoo.

Halafu yumo Dinah Washington. This Bitter Earth ni wimbo uliotungwa na Clyde Otis, mzaliwa wa Mississippi kama Burnett, na Dinah aliuimba mwaka 1960. Kwenye filamu, Stan yuko kifua wazi, anacheza taratibu na mkewe mbele ya dirisha. Hawasemi neno. Mwanamke anamshika mgongo, anamtafuta, anamwomba kwa mikono. Wimbo unaisha, mwanamume anajitoa na kwenda zake, mke anabaki peke yake dirishani. Ukiondoa wimbo ule ukaweka kinanda cha kukodi, unabaki na watu wawili waliokumbatiana. Burnett hakuandika mazungumzo kwenye tukio hilo kwa sababu Clyde Otis alikuwa ameshayaandika. Kumwambia aweke wimbo mwingine ni sawa na kumwambia mwandishi abadilishe ukurasa wa 60 uwe wa mtu mwingine, kwa sababu wa sasa una kodi.

Lakini kodi ipo, na ni vizuri tujue inavyodaiwa. Wimbo mmoja uliorekodiwa una wenye mali wawili. Kuna mwenye utunzi, yaani maneno na melodi, ambaye mara nyingi ni kampuni inayosimamia kazi za mtunzi. Na kuna mwenye rekodi, kwa kawaida kampuni iliyogharimia studio. Ukiitaka sauti ya Dinah Washington, uende kwa wote wawili. Mmoja akikubali na mwingine akikataa, huna kitu. Ndiyo maana unakuta filamu ambamo wimbo maarufu unaimbwa na mtu usiyemfahamu kabisa: mtayarishaji aliumudu utunzi, rekodi ikamshinda bei.

Isitoshe, ruhusa yenyewe hukatwa vipande kama muwa. Kipande cha matamasha, kipande cha majumba ya sinema, cha televisheni, cha DVD, cha nchi hii na cha nchi ile, cha miaka mitano au cha milele. Bei elekezi hakuna, ni maelewano tu, na mwenye wimbo akiona unauhitaji sana ameshakushika. Wengine huweka sharti kwamba hakuna mwenye wimbo mwingine kwenye filamu hiyo atakayelipwa zaidi yao, kwa hiyo ukimpandishia mmoja umewapandishia wote. Mwanafunzi anayetengeneza filamu ya kuonyesha darasani hana habari na haya. Burnett hakuwa akiiandaa Killer of Sheep kwa soko.

Mfano wa upande wa pili ni wa miaka hiyohiyo. George Lucas, aliyesoma chuo kingine cha Los Angeles, USC, alitoa American Graffiti mwaka 1973. Filamu ile imejaa nyimbo zaidi ya arobaini za rock and roll, redio haizimwi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tofauti ni kwamba Lucas alikuwa na kampuni ya Universal nyuma yake, yenye wanasheria na daftari la simu. Wenye nyimbo walipewa ofa moja, sawa kwa wote. Kampuni iliyokuwa na rekodi za Elvis Presley ikakataa. Kwa hiyo filamu inayosimulia usiku mmoja wa vijana wa Marekani wa mwaka 1962 haina Elvis hata sekunde moja, na watazamaji wengi hawajawahi kugundua. Iligharimu chini ya dola milioni moja na ikaja kuingiza zaidi ya milioni mia. Ukiwa na tajiri, pengo la wimbo mmoja ni hadithi ya kuchekesha kwenye mahojiano. Usipokuwa naye, nyimbo zako zinaifungia filamu stoo.

Na stoo ndiko ilikokaa. Mwaka 1981 Killer of Sheep ilipata tuzo ya wahakiki Berlin. Mwaka 1990 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa kama urithi wa taifa, ikiwa kati ya filamu hamsini za mwanzo kabisa kupewa heshima hiyo. Taifa linasema hii ni hazina, na wakati huohuo raia wa kawaida hana mahali pa kukata tiketi aione. Ilizunguka vyuoni, kwenye majumba ya makumbusho na matamasha, kwa nakala za milimita 16. Watu waliisoma vitabuni kabla ya kuiona. Mimi pia niko kwenye kundi hilo: niliifahamu kwa miaka kadhaa kama aya kwenye kitabu cha historia ya filamu.

Hifadhi ya filamu ya UCLA ndiyo iliyoikarabati na kuipandisha kwenye milimita 35. Kampuni ndogo ya usambazaji, Milestone, ikachukua kazi isiyo na sifa: kuwatafuta wenye nyimbo, mmoja baada ya mwingine, na kupatana nao. Muongozaji Steven Soderbergh alichangia pesa. Machi 2007 filamu ikafunguliwa rasmi kwenye majumba ya sinema, miaka thelathini baada ya kukamilika. Dinah Washington alikuwa amefariki tangu 1963. Clyde Otis alikuwa bado hai, akafariki Januari 2008.

Ningeweza kuishia hapo na kuyalaani makampuni ya muziki, na wasomaji wengi mngeniunga mkono. Kuna mtu mmoja wa Johannesburg anayenizuia.

Solomon Linda alirekodi wimbo wa Mbube na kundi lake, Original Evening Birds, kwenye studio ya Gallo mwaka 1939. Haki zake ziliishia mikononi mwa kampuni kwa malipo ya shilingi kumi. Santuri ikafika Marekani, The Weavers wakauimba kwa jina la Wimoweh, wakililitamka neno la Kizulu kama masikio yao yalivyolisikia. Mwaka 1961 ukavalishwa maneno ya Kiingereza, ukawa The Lion Sleeps Tonight, ukashika namba moja Marekani. Linda alifariki mwaka uliofuata akiwa maskini. Kisha 1994 Disney wakautumia kwenye The Lion King, ile filamu yenye Simba, Rafiki na Pumbaa, majina yaliyochotwa kwenye kamusi yetu.

Sasa angalia hapa. Disney hawakuiba. Walikuwa na leseni, waliipata kwa kampuni ya Marekani iliyotambulika kama mwenye wimbo. Karatasi zote zilikuwa safi, ila mabinti wa Linda pale Soweto walikuwa hawapati cha maana. Mwaka 2000 mwandishi wa habari Rian Malan akaifichua hadithi nzima kwenye jarida la Rolling Stone. Mwaka 2004 kesi ikafunguliwa Afrika Kusini, na mwanasheria Owen Dean akafukua sheria ya hakimiliki ya kikoloni ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyosema haki hurudi kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufariki. Sheria ya wakoloni, kwa mara moja, ikamsaidia mkoloniwa. Februari 2006 pande zikapatana nje ya mahakama, familia ikakubaliwa kulipwa.

Nikizipanga hadithi hizi mbili mezani, sipati mshindi. Burnett hakulipia nyimbo na aliziheshimu kuliko mtu yeyote. Disney walilipia na pesa haikumfikia mwenyewe. Ukinilazimisha kuchagua, kama mtazamaji nitamchagua Burnett kila siku. Kama ningekuwa binti wa Linda, ningemtaka Burnett alipe kama wengine, rafiki au si rafiki, na ningetaka kujua ile hundi ya dola 150,000 inapita mifuko ya nani kabla ya kufika kwa mjane wa mpiga gitaa.

Kwetu swali hili tumelikwepa kwa muda mrefu. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ni ya mwaka 1999, na COSOTA imetokana nayo. Lakini wakati filamu za Kibongo zikiuzwa kwa VCD Kariakoo, kilio cha mama kwenye msiba kilikuwa kikisindikizwa na muziki uliobebwa kutoka filamu ya Wazungu, na hakuna aliyestuka. Wahariri wa picha niliozungumza nao kazini walikuwa na jibu moja: wimbo uko kwenye kompyuta, kwa nini nisiutumie? Leo filamu hizo zikipandishwa YouTube, mtambo unautambua wimbo kabla ya mtazamaji wa kwanza. Ama sauti inazimwa, ama pesa ya matangazo inakwenda kwa mwenye wimbo. Wapo waliopoteza sauti ya filamu nzima kwa sababu ya dakika mbili za kinanda. Kibaya ni kwamba nyimbo zile hata hazikuchaguliwa. Ziliwekwa tu kuziba kimya, na sasa zinadaiwa kana kwamba zilipendwa.

Burnett alichagua, na ndiyo maana hata kilichokosekana kwenye filamu yake kina uzito. Mwaka 2007 Milestone walifanikiwa kupata nyimbo zote isipokuwa moja: Unforgettable, nayo ya Dinah Washington, iliyokuwa imewekwa mwishoni. Ndiyo, wimbo usiosahaulika ndio uliobidi uachwe. Mahali pake wakarudia This Bitter Earth.

Nimeufikiria sana mwisho huo. Wimbo wa mapenzi, mtamu, juu ya kondoo wanaokwenda kuchinjwa, ungechoma kwa namna ya pekee, na nadhani Burnett alijua alichokuwa akifanya. Nakala ya 2007 inafanya kitu tofauti, kilichotokana na bei. Kondoo wanapandishwa, Stan yuko nyuma yao akiwasukuma, na sauti inayotoka ni ileile tuliyoisikia sebuleni, wakati mkewe alipokuwa akimshika mgongo na yeye akaondoka.