Anayeona na kunyamaza: Elimu inayoweza kuzuia ubakaji Tarime

Na Mwandishi Wetu

UBAKAJI hauanzi saa unapotendeka. Mara nyingi hutanguliwa na maneno. Kijana huwaambia wenzake atakalomfanyia binti fulani usiku, wenzake hucheka, na kesho yake binti akiwa hospitalini, waliocheka husema wao hawahusiki. Elimu ya mashuhuda huwalenga hao waliocheka, kwa kuwa ndio waliokuwa na nafasi ya kuzuia.

Katika kijiji cha Kerende, eneo la Nyamongo wilayani Tarime, suala hilo lina uzito wa pekee. Kijiji hicho ni jirani ya mgodi wa dhahabu wa North Mara, unaovuta watafuta riziki wengi, wakiwamo vijana. Mei 2011, kampuni ya Barrick ilitangaza kuwa imepata taarifa za tuhuma za wanawake kufanyiwa ukatili wa kingono, zikiwahusisha askari polisi na walinzi wa mgodi huo. Baadaye wanawake kadhaa walipewa fidia. Hata hivyo, mashirika ya RAID la Uingereza na MiningWatch la Canada yalikosoa utaratibu uliotumika, yakidai haukuwatendea haki.

Fidia, iwe ya haki au la, huja baada ya madhara. Wanaoweza kufika kabla yake ni walio karibu na tukio.

Ilikoanzia

Mwaka 1968, wanasaikolojia wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walichapisha jaribio ambalo wanafunzi walimsikia, kupitia vipaza sauti, mtu waliyeamini ni mwenzao akipatwa na kifafa. Kati ya walioamini kuwa ni wao peke yao waliosikia, asilimia 85 walitoka kuomba msaada kabla mgonjwa hajanyamaza. Kati ya walioamini kuwa wapo wengine wanne wanaosikia, waliofanya hivyo walikuwa asilimia 31. Si kwamba wengine hawakujali. Kila mmoja alimngojea mwenzake.

Mwaka 1993, Chuo Kikuu cha Northeastern mjini Boston kilianzisha mafunzo yaliyojengwa juu ya fikra hiyo, yakianza na wanamichezo. Mafunzo ya aina hiyo yalienea pia katika vyama vya udugu vya wanafunzi wa kiume, ambako desturi ya kulindana humfanya kijana aone haya kumkemea mwenzake.

Afrika Mashariki nayo ina ushahidi wake. Katika vitongoji duni vya Nairobi, wavulana wa sekondari wenye umri wa miaka 15 hadi 22 walipewa mafunzo ya vipindi sita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa, miongoni mwa walioshuhudia shambulio la kimwili au la kingono, asilimia 74 ya waliofundishwa walifanikiwa kulizuia, dhidi ya asilimia 26 ya wasiofundishwa. Takwimu hizo zinatokana na maelezo ya wavulana wenyewe, lakini tofauti ni kubwa.

Kinachofundishwa

Mafunzo hayamtaki mtu apigane. Humwonyesha njia nne. Ya kwanza ni kusema waziwazi: "Huyo amelewa, mwache aende kwao." Ya pili ni kuvuruga mpango kwa hila, kwa mfano kumwita mhusika pembeni, kumwambia bodaboda inamsubiri, au kumwita binti kwa jina kana kwamba ndugu zake wanamtafuta. Ya tatu ni kumwita mwenye uwezo zaidi, kama mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu au polisi. Ya nne ni kumfuata aliyetendewa baada ya tukio na kumsaidia. Palipo na silaha, njia ya tatu ndiyo salama.

Nguvu ya rika

Miongoni mwa Wakurya, vijana waliotahiriwa msimu mmoja huwa ndugu wa rika maisha yao yote. Husaidiana, na neno la mwenzao huweza kuwa na uzito kuliko la mgeni. Udugu huo unaweza kuficha uovu, lakini unaweza pia kuuzuia. Kijana anayemwambia mwenzake wa rika "hili hatulifanyi" hajamsaliti. Amemwepusha na gereza, na amemwepusha binti na jeraha la maisha yote.

Sheria inasemaje

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kosa la kubaka. Kwa ubakaji wa kundi, adhabu ni kifungo cha maisha kwa kila aliyetenda au kusaidia, bila kujali sehemu aliyoifanya. Kwa maana hiyo, aliyelinda mlango wakati wenzake wako ndani hana pa kujitetea kwa kusema hakumgusa.

Aidha, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa aziripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Wajibu huo haukuwekwa kwa wazazi na walimu peke yao. Simu namba 116 hupokea taarifa za watoto bila malipo, na madawati ya jinsia na watoto ya polisi hupokea malalamiko ya wakubwa kwa wadogo.

Saa za kwanza

Aliyebakwa afikishwe hospitali au kituo cha afya haraka. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Dawa za dharura za kuzuia mimba hutumika ndani ya siku tano. Inafaa asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kupimwa, ili ushahidi usipotee. Anayemsindikiza asimhoji kwa nini alikwenda huko au alivaa nini. Amwamini na akae naye.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe ni kile kicheko cha kwanza, na anayeweza kuuziba ni yule aliyekaa karibu na msemaji.